Masikio Kabla ya Macho



Mtoto wa Bagamoyo anapoingia darasa la kwanza haingii mikono mitupu. Kabla hajagusa chaki husema "kiti changu" na "mti wangu", wala hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha ngeli. Amezipata kwa kusikia: kwa bibi amtegeaye vitendawili, kwa wavuvi wanadio samaki ufukoni, na kwa wenzake michezoni.

Tuutazame mchezo mmoja, ule wa kinyume. Watoto wa pwani huitoa silabi ya mwisho wakaitanguliza mbele: "samaki" ikawa "kisama", "ngalawa" ikawa "wangala", ili mkubwa asielewe. Ni mchezo wa zamani. Askofu Edward Steere aliuandika huko Unguja katika karne ya 19. Mtoto awezaye kuucheza amekwisha kulikata neno silabi kwa silabi kwa sikio lake, na hiyo ni nusu ya kazi ya kusoma Kiswahili, lugha iandikwayo karibu kama itamkwavyo.

Nusu ya pili ni ya jicho, na hapo ndipo tunapokosea. Darasa zima huimba "ba, be, bi, bo, bu", nasi tukaridhika. Lakini mwiteni mtoto mmoja ubaoni, mwonyesheni "bo" peke yake. Akinyamaza, basi alikuwa akiimba, hakuwa akisoma. Mtoto wa namna hii huweza kufika darasa la nne akibebwa na sauti za wenzake, na aibu ikamfunga kinywa asiseme.

Mwaka 2015 masomo ya madarasa mawili ya mwanzo yalipangwa upya juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mpango ni mwema, lakini asikilizaye mtoto ni mwalimu. Najua madarasa yamejaa. Hata hivyo, kusikiliza watoto watano kila siku ya masomo ni kusikiliza watoto 100 kwa majuma manne. Tuzichanganye silabi ubaoni, wenyewe waunde maneno wayajuayo: "dau", "nazi", "chaza". Nanyi ndugu wa maofisini, jioni tegeni kitendawili, kisha mtoto awasomee mistari miwili ya gazeti.

Mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa wamebaki kama asilimia 10 tu. Sifa ile hairithiwi. Kila mtoto azaliwaye huanza tena mwanzo, nasi ndio tutakaoulizwa.