Uji wa Mtoto: Tusahihishe Tuliyoyaandika Ubaoni

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika na wanakisomo, Matiri. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika mkutanoni.)



Tunajua kahawa inawasubiri shambani na kila mtu ana haraka. Leo hatuzungumzii bei wala mbolea. Leo tunazungumza habari za sufuria. Msicheke, ndugu zetu. Sufuria nayo ni shauri la ushirika, maana mtoto anayelishwa vibaya leo ndiye mwanachama tunayemtegemea kesho.

Hapana budi tuanze kwa kujikosoa. Msimu uliopita sisi viongozi tuliandika kwa kalamu nene, kwenye ubao huu huu, kwamba kila nyumba ichanganye unga wa lishe wa aina nane: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, maharage na mbegu za maboga, yote yasagwe pamoja mashineni. Tuliona kwamba vikiwa vingi ndiyo vizuri. Hatukueleza namna ya kuandaa hata kimoja. Baada ya muda akina mama wakaja kutuambia watoto wanaumwa tumbo na kuharisha. Tuliwajibu nini? Tuliwajibu kwamba ni uvivu wa kupika. Jibu hilo halikuwa la haki, na leo tunaliondoa mbele yenu.

Waliotuonyesha kosa ni wanakisomo. Mwalimu wao alitoa zoezi: kila mmoja aandike kwenye daftari alichochanganya, alivyokiandaa na mtoto alivyoshinda. Sentensi tatu tu. Madaftari yalipowekwa mezani, jambo likaonekana waziwazi. Waliosaga soya mbichi ndio waliopata taabu. Mama mmoja mtu mzima aliandika, "Mimi soya nachemsha kwanza, kama alivyofanya mama yangu." Wajukuu wake hawakuumwa. Alikuwa anajua siku zote, ila hakuna aliyemwuliza.

Ndugu wanakijiji, mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayovuna mahindi mengi katika Tanzania. Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano, zaidi ya 35 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni kama 30. Basi tusidanganyane kwamba kisa ni ghala tupu. Ugonjwa una sehemu yake, maji machafu yana sehemu yake, na namna tunavyolisha ina sehemu yake kubwa. Mtoto anashibishwa uji mweupe wa mahindi matupu, asubuhi na jioni, nasi tunasema amekula.

Shauri hili si geni. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakaenda kutenda. Hatuna haja ya kungoja kampeni nyingine. Daftari tunalo, jiko tunalo.

Sasa tueleze tuliyoyajaribu pamoja na wanakisomo.

La kwanza ni soya. Soya isiyoiva ina kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula vizuri, hasa ile sehemu ya kujenga mwili. Moto ndio unaokiondoa. Kwa hiyo chagua soya, osha, tia kwenye maji yanayochemka tayari, na uache ichemke nusu saa. Mwaga maji hayo, suuza, fikicha maganda yatoke. Anika hadi ikauke kabisa, kisha kaanga kidogo mpaka inukie. Hapo ndipo iende mashineni. Kuikaanga juu juu bila kuichemsha hakutoshi, maana nje inaungua na ndani inabaki mbichi.

La pili ni karanga. Karanga zina mafuta. Ukizisaga pamoja na unga wa kukaa wiki nyingi, unga unachacha na kuwa mchungu. Tuliweka kopo mbili, moja ina karanga na nyingine haina. Ile yenye karanga ndiyo iliyoanza kunuka. Tangu hapo tunakaanga karanga kidogo, tunatwanga za siku hiyo, na tunazitia uji ukiwa jikoni.

La tatu ni usipa. Sisi ni watu wa milimani, lakini ziwa letu la Nyasa haliko mbali, na usipa wa Mbamba Bay na Liuli unafika sokoni Mbinga. Samaki huyu mdogo analiwa na mifupa yake, na humo mna madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Osha upesi mchanga utoke, anika tena, kaanga bila mafuta hadi akatike kwa vidole, twanga, kisha chekecha. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha bakuli moja la uji. Usiongeze chumvi. Mara ya kwanza watoto walikataa kwa sababu ya harufu. Mama mmoja akajaribu kukamulia ndimu kidogo baada ya kuepua sufuria. Harufu ikapungua, watoto wakanywa. Hatukufundishwa na mtu, ni yeye aliyejaribu. Tena ndimu inasaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyomo katika nafaka na maharage.

La nne ni maharage. Tulipima kikombe kile kile katika sufuria mbili zinazolingana, tukaziweka kwenye mafiga mawili. Maharage ya sufuria moja yalilala katika maji usiku kucha, maji yakamwagwa, yakatiwa mengine. Ya sufuria ya pili yalioshwa tu. Yaliyolala majini yaliiva kabla hatujaongeza kuni. Yale mengine tuliongeza kuni mara mbili. Nani asiyejua uchungu wa kubeba kuni mgongoni? Basi loweka jioni. Ni kazi ya dakika moja, hata baba anaiweza. Kwa mtoto mdogo yapondwe vizuri, maganda yachujwe.

La tano ndilo zito kuliko yote, nalo ni mahindi yenyewe. Hapa tunawaomba akina baba msitazame chini. Wakati wa kuchambua tunafanyaje? Yaliyo safi yanaingia kwenye magunia ya kuuza. Yaliyoota ukungu, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yanabaki nyumbani. "Yatasagwa tu," tunasema. Na mara nyingi unga huo ndio unaokuwa uji wa mtoto.

Ndugu zetu, ukungu huo unaweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kuchemsha uji hakuiondoi. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 20 wakafariki. Walikuwa wakulima kama sisi, walikula mahindi yao wenyewe. Kwa hiyo tusianike mahindi juu ya udongo. Tuanike kwenye turubai, mkeka au kichanja. Tukaushe vizuri kabla ya kutia ghalani, na magunia yakae juu ya mbao. Punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitolewe zote. Wala tusizipeleke kwenye pombe au kwa kuku, maana sumu inatufuata huko huko. Karanga nazo ni vivyo hivyo: iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe, na isipewe mtoto hata moja.

Tunajua kutupa chakula kunauma. Mtu aliyelima kwenye ngoro, akapanda kilima na jembe begani, hawezi kumwaga mahindi kwa furaha. Lakini tupime. Kilichomwagwa ni debe. Kinachookolewa ni mtoto.

Sasa tunafuta yale maneno ya aina nane, na mahali pake tunaandika haya:

1. Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Uji unaanza akitimiza miezi sita, na kunyonya kunaendelea.

2. Unga wa uji uwe wa nafaka moja, au nafaka moja na soya iliyochemshwa. Karanga, usipa au yai vitiwe wakati wa kupika.

3. Jaribu kitu kipya kimoja kimoja kwa siku chache. Ukitia vinane kwa mara moja na mtoto akaumwa, utajuaje kilichomdhuru?

4. Uji uwe mzito, ushike kijikoni. Uji wa maji unajaza tumbo bila kujenga mwili. Mboga za majani na matunda visikose wakati mtoto anapolishwa chakula kingine.

5. Mahindi ya uji yachaguliwe kwanza, kabla ya yale ya kuuza.

Kwa hilo la tano tunawaomba wanachama mlipitishe leo kwa kunyoosha mikono. Sisi viongozi tutakuwa wa kwanza kukaguliwa maghala yetu. Yeyote aje, hata bila kutoa taarifa.

Vilevile tunaanzisha Daftari la Jiko. Litakaa katika ofisi ya ushirika. Aliyejaribu jambo jikoni, likafaa au lisifae, aje aandike: alichotia, kipimo, na kilichotokea. Lisilofaa liandikwe pia, maana litamwokoa mwingine. Asionewe haya mtu kwa mwandiko wake. Sisi wenyewe tulijifunza kuandika ukubwani, na herufi zetu mnaziona hapa zinavyopinda. Asiyeandika aje aseme, mwanakisomo atamwandikia.

Mtoto akiharisha au akikonda licha ya haya yote, tusikae tukijaribu vyakula nyumbani. Apelekwe kwa mganga hospitalini mapema.

Tumemaliza. Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Na ubao huu ukikosea tena, msinyamaze kama mlivyonyamazishwa mara ile. Njooni mtwambie.

Ushirika oyee!

Katibu wa Tawi