Duara Tupu Kichwani

Kinyozi amekuonyesha duara lisilo na unywele kisogoni, laini, halina magamba? Huenda si mapunye, na hukurogwa. Kinga ya mwili imeishambulia mizizi ya nywele. Maradhi haya hayaambukizi. Mtoto aliyenayo aendelee na shule.

Daktari wa ngozi anaweza kukuandikia dawa ya steroidi ya kupaka, kama klobetasoli ya asilimia 0.05. Paka kiasi kidogo, juu ya duara tu, kwa muda uliopangiwa. Ukizidisha, ngozi hukonda. Vuta subira, matokeo huchukua miezi. Nywele za mwanzo zinaweza kuota nyeupe, kisha rangi ikarudi.

Baadhi ya krimu za kujichubua zina klobetasoli hiyohiyo. Usijitibu nazo, nenda kituo cha afya ukapimwe kwanza.