GARI JIPYA LENYE ILA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Shelly Beach, Likoni)



Leo hatusemi habari za nyongeza ya mshahara. Twataka kusema habari za ule mshahara ukisha kutoka mkononi mwa tajiri na kuingia mkononi mwa muuzaji. Maana mfanya kazi aweza kupigania haki yake kazini mwaka mzima, kisha akapoteza matunda yake yote siku moja kwa kununua chombo kibovu na kunyamaza.

Hapa Likoni wengi wetu tukipata kiinua mgongo au mkopo wa ushirika, twafikiri kununua chombo cha barabarani: tuktuk ya kupeleka abiria feri, pikipiki ya bodaboda, au gari dogo la mizigo. Wengine hujikaza wakanunua kipya dukani, kwa bei kubwa zaidi, ili waepukane na taabu za mafundi.

Basi tuseme mwenzetu amenunua tuktuk mpya. Wiki ya tatu giaboksi yaanza kulia. Airudisha dukani, yatengenezwa, yaharibika tena. Mara ya tatu aambiwa, "Wewe umepakia kupita kiasi." Mara ya nne aambiwa, "Hiyo ni chumvi ya bahari, na garantii haihusu chumvi." Na huku kila mwisho wa mwezi mkopo wakatwa kama kawaida. Tuktuk imelala uani, lakini deni halilali.

Je, mtu huyu ana haki gani? Anazo, tena nyingi.

Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yasema kwamba mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kufaa, haki ya kuelezwa habari anazozihitaji, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na mali yake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au kuumia kwa sababu ya ila ya bidhaa.

Pili, iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoanza nchini mwaka 1931 kwa kufuata sheria ya Waingereza ya 1893. Sheria hii yasema kwamba mfanya biashara anayeuza vitu vya namna fulani sharti atoe kitu kinachostahili kuuzwa. Hata kama neno hilo halikuandikwa katika mkataba, lahesabiwa kuwa limo. Lakini jihadharini: kama ulikikagua chombo kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia ila ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha.

Tatu, iko Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012. Hii ndiyo yenye meno. Yasema kwamba maneno yoyote ya mkataba yanayotaka kuziondoa haki hizo ni batili. Kwa hiyo yale maandishi madogo chini ya risiti, "mali ikisha kuuzwa hairudishwi," si ukuta wa chuma. Na kitabu cha garantii si mwisho wa haki zako. Garantii ni ahadi ya duka au ya kiwanda. Haki ya sheria iko juu yake, nayo haifi kwa sababu garantii imekwisha au haikutaja kipande fulani.

Sasa mtauliza, "Ikiwa sheria ni nzuri hivyo, mbona watu wapoteza?" Wapoteza kwa mambo mawili: kukawia, na kukosa karatasi.

Sikilizeni kesi moja ya Uingereza iliyotolewa hukumu miaka ya 1980, ya Bernstein na Pamson Motors. Mtu alinunua Nissan mpya. Alikaa nayo wiki tatu hivi na kwenda maili 140 tu, injini ikakwama barabarani. Ilionekana kwamba tone la gundi lililoachwa ndani ya injini lilikuwa limeziba njia ya oili. Hakimu alikubali kwamba gari halikustahili kuuzwa. Lakini alisema wiki tatu zilitosha kulijaribu, kwa hiyo nafasi ya kulikataa na kurudishiwa bei yote imepita. Mnunuzi akapata fidia tu. Baadaye Waingereza walibadili sheria yao, na tangu 2015 mnunuzi kwao ana siku 30 za kukataa mali yenye ila. Sheria yetu ya 1931 haikutaja siku. Yasema "muda wa kufaa" tu. Tena chombo kikisha kuwa mali yako kabisa, korti yaweza kusema hukirudishi, dai fidia. Kwa hiyo siku ya kwanza unayosikia kelele ndiyo siku ya kuanza kazi.

Fanya hivi. Andika barua kwa muuzaji, utaje tarehe ya kununua, kilomita ulizokwenda, na ila yenyewe. Sema wazi unalotaka: kukikataa chombo na kurudishiwa fedha, kupewa kingine, au kutengenezewa bila malipo. Sheria haikulazimishi kukirudisha chombo mwenyewe dukani ili kukikataa. Kumjulisha muuzaji kwatosha. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri au itiwe sahihi ya aliyeipokea. Maneno ya mdomo hayana shahidi.

Kila chombo kinapoingia gereji yao, dai karatasi ya kazi yenye tarehe. Usimruhusu fundi wa mtaani kufungua injini kabla muuzaji hajaona, maana watasema yeye ndiye aliyeiharibu. Lakini baada ya hapo tafuta fundi mwingine mwenye ujuzi aandike ripoti yake. Na ukiisha kujua kuna ila, usiendelee kukitumia kana kwamba umeridhika.

Habari ya mkopo twaisema bila kuficha. Ukikopa ushirika kisha ukaenda kununua mwenyewe, deni la ushirika lazima ulipe hata chombo kikiwa kibovu. Hasara utaidai kwa muuzaji. Lakini ukinunua kwa mpango wa kukodi na kulipa kidogo kidogo chini ya Sheria ya Hire Purchase, aliyekukodisha naye ana wajibu juu ya ubora wa chombo. Basi soma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kama husomi vizuri, mlete mtu wa kukusomea asiyefanya kazi kwa muuzaji.

Barua ikikosa jibu, usikate tamaa. Iko Korti ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, yasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Tuktuk na pikipiki zaingia humo. Waweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi imalizwe kwa siku 60. Hasara ikizidi hapo, ni korti ya mahakimu. Na malalamiko ya kudanganywa au ya mali ya hatari yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Neno la mwisho lahusu umoja wetu. Muuzaji hamwogopi mtu mmoja anayelalama kaunta. Humwambia, "Ni yako tu, wengine hawalalamiki." Kumbe wengine nao wameambiwa vivyo hivyo! Sheria ya 2012 yampa mnunuzi ruhusa ya kushtaki kwa niaba yake na ya wenzake walio katika hali moja, hata kama mkataba wasema haruhusiwi. Kwa hiyo kila aliyenunua chombo kipya chenye ila alete nakala za karatasi zake kwa mwakilishi wake wa chama. Tukikuta watu watano wenye giaboksi ile ile na majibu yale yale, hapo si bahati mbaya ya mtu mmoja tena. Hapo tuna dai.

Ndugu, shilingi uliyoitolea jasho bandarini au hotelini ina haki ya kukununulia kitu kizima. Anzeni na barua, kesho asubuhi.

Umoja ni nguvu.