Vilima vya mchanga vya Mambrui vinatuhusu hata sisi wa Kakuyuni

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi, Kakuyuni)



Najua kuna anayejiuliza: Kakuyuni hatuna ufuo, mchanga wa bahari unatuhusu nini? Jibu ni Mto Sabaki.

Vile vilima mnavyoviona mkipita Mambrui kuelekea Ngomeni vimejengwa sana na mchanga ulioshuka na mto kutoka bara. Sabaki inautema baharini, mawimbi yanaurudisha ufuoni. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, ufuo hubaki wazi na kukauka. Hapo kusi huupeperusha mchanga kuelekea kaskazini na nchi kavu. Ukikutana na mmea, unatua. Kilima huanza hivyo tu, nyuma ya jani.

Bahari nayo haikai mahali pamoja. Miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi. Mtu angetembea kwa miguu pale wavuvi wetu wanapotega sasa. Miaka 125,000 hivi iliyopita ilikuwa juu kuliko leo, na ushahidi ni mawe ya matumbawe tunayochimba kujengea nyumba. Bahari ikishuka, mchanga mwingi huachwa wazi na upepo hupata kazi. Ikipanda, mawimbi hula miguu ya vilima, na mchanga ule ndio unaotuliza wimbi lisifike majumbani.

Leo inapanda. Kwa hiyo kilima ni akiba yetu.

Mtaniambia Sabaki bado inaleta mchanga. Ni kweli. Watafiti walikadiria tani 50,000 hivi kwa mwaka katika miaka ya 1950, na zaidi ya milioni 8 mwaka 1992. Lakini tusifurahi haraka: sehemu kubwa ni tope laini, udongo wa mashamba, yetu yakiwemo. Halijengi kilima, linachafua bahari na kufunika matumbawe ya hifadhi ya Malindi. Na mchanga wenyewe unaweza kupungua. Huko juu, kwenye Mto Athi, Bwawa la Thwake linajengwa, na bwawa hushika mchanga. Misri iliona hayo: Bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, ufuo wa delta ya Nile ulizidi kuliwa.

Chini ya vilima kuna maji baridi pia, yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Ukiondoa kilima, kisima cha jirani huonja chumvi.

Basi anayetaka kupakia lori mchanga, mtoni au ufuoni, au kufyeka kiwanja juu ya kilima, aulize kwanza NEMA na ofisi ya mazingira ya kaunti. Najua vijana wanategemea kazi hiyo, na sikuja kuwafukuza. Nataka tukubaliane wapi pachimbwe na wapi paachwe.

Maswali sasa. Tuanze na mzee pale nyuma.