Dhamana ya Serikali kwa Mikopo ya Viwanda Vidogo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na mafundi wa Mbesa)



Neno lililotuleta ni dhamana. Wako wasemao kwamba mkopo wa benki uliodhaminiwa na Serikali haudaiwi, maana Serikali imekwisha kuulipia. Neno hili si kweli, na mwenye kulishika litamponza.

Yatupasa kwanza kujua anayekingwa ni nani. Mwaka 2005 ulianzishwa mfuko wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo na za kati, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Fundi atakaye fedha haendi Benki Kuu. Huenda kwenye benki ya biashara kama mtu mwingine yeyote. Benki humpima, na ikiona kazi yake ni njema lakini rehani yake haitoshi, yaweza kuomba dhamana, nayo hufika hata nusu ya mkopo. Fundi akishindwa kulipa, mfuko huichukulia benki sehemu ya hasara. Deni la fundi liko palepale, na shamba aliloweka rehani laweza kuuzwa.

Wala msichanganye jambo hili na fedha za Halmashauri. Hizo ni asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nazo hazina riba. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, kwa kuwa wengi hawakurejesha, na vikundi vingine havikuonekana vilipotafutwa. Ilirudishwa mwaka 2024. Katika muda ule wote waliolipa vizuri walikaa bila kitu kwa ajili ya wasiolipa, nasi twaona hilo ni dhuluma kubwa kuliko fedha zenyewe zilizopotea.

Sasa tutazame kazi ya kubangua korosho, maana mikorosho tunayo. Korosho hupikwa kwa mvuke, hubanguliwa, huondolewa ngozi ya ndani, kisha hupangwa kwa madaraja. Mashine ndogo za kazi hii zapatikana, na maofisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huwashauri watu juu yake. Lakini mtu akikopa bei ya mashine tu, amekopa nusu ya kazi. Korosho ghafi huuzwa mnadani kwa miezi michache tangu Oktoba. Asiyenunua wakati ule za kumtosha mwaka mzima, mashine yake italala hali deni haliLali.

Wazee mwakumbuka kiwanda kikubwa cha Tunduru, kimoja katika viwanda 12 vya korosho vilivyojengwa nchini kwa fedha za mikopo. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Kufika 1986/87 hazikufika 20,000. Mashine zilikuwapo, korosho hazikuwapo. Viwanda vingi vikafungwa, na deni likabaki kwa taifa.

Kwa hiyo fundi aombe fedha za mashine na fedha za kununulia korosho pamoja, naye aombe kulipa kwa kufuata msimu, kabla ya kutia sahihi. Akikubali kulipa sawasawa kila mwezi, na rejesho la kwanza likaangukia Agosti, atauza mbuzi.

Walimu, ninyi ndio mtakaoletewa mkataba kusoma kabla kidole hakijatiwa wino. Tazameni riba ni ya mwezi au ya mwaka. Rehani ni kitu gani, na kama mke na ndugu wanajua kwamba kimewekwa. Na mwezi wa kwanza wa kulipa ni upi. Lisiloandikwa humo, hata kama karani wa benki amelisema kwa mdomo, lihesabuni kuwa halikusemwa.