Viwango vya Ujifunzaji katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi na Tatizo la Uandishi wa Wanafunzi

Mada kwa semina ya walimu wa taaluma na Maafisa Elimu Kata

Utangulizi

Waandaaji wa semina hii waliomba mada itakayowapa walimu wa taaluma na Maafisa Elimu Kata picha ya jumla ya viwango vya ujifunzaji vinavyotarajiwa kwa mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi katika masomo yote, wakati huu ambapo shule za Tanzania Bara zinahama kutoka mtaala wa mwaka 2016 kwenda mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2024. Masomo yote yanaguswa kwa ufupi, lakini sehemu kubwa ya mada inahusu jambo moja linalokatiza masomo hayo yote na ambalo halijapewa uzito unaostahili tangu nchi ilipoingia katika mtaala wa umahiri mwaka 2005, nalo ni uwezo wa mwanafunzi kuandika kwa maneno yake mwenyewe kile anachokijua.

Istilahi

Kiwango cha ujifunzaji ni tamko linaloeleza kile ambacho mwanafunzi anapaswa kukijua na kukitenda afikapo mwisho wa darasa fulani, pamoja na ubora unaotarajiwa katika utendaji huo. Umahiri ni muunganiko wa maarifa, stadi na mwelekeo unaomwezesha mwanafunzi kutenda jambo katika mazingira halisi. Umahiri mkuu hugawanywa katika umahiri mahususi, umahiri mahususi hutekelezwa kupitia shughuli za ujifunzaji, na shughuli hizo hupimwa kwa vigezo vya upimaji. Upimaji endelevu hufanyika wakati ufundishaji unaendelea, na upimaji tamati hufanyika mwishoni mwa hatua. Washiriki wanaziandika istilahi hizi kila wanapoandaa azimio la kazi na andalio la somo, hivyo hakuna sababu ya kuzirefusha.

Viwango katika masomo

Katika Darasa la I na la II mwanafunzi hujifunza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Kuanzia Darasa la III anatarajiwa kuzitumia stadi hizo kujifunzia masomo mengine, ambayo katika mtaala ulioboreshwa ni Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo pamoja na Dini. Sayansi inamtaka mwanafunzi afanye uchunguzi na aeleze matokeo yake. Hisabati inamtaka atatue mafumbo na atetee njia aliyoitumia, Jiografia inamtaka asome mazingira yake na ayafafanue, Historia inamtaka aeleze sababu za matukio, na somo la lugha linamtaka atunge. Vitendo hivi, yaani kueleza, kufafanua, kutetea na kutunga, haviwezi kuthibitishwa pasipo mwanafunzi kuzungumza au kuandika, na katika darasa kubwa ambalo mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto, kuandika ndiyo njia pekee inayobaki.

Msingi wenyewe wa KKK una historia ya mashaka. Matokeo ya kwanza ya tathmini ya Uwezo, iliyoanza nchini mwaka 2010, yalionyesha kwamba ni wanafunzi 3 tu kati ya 10 wa Darasa la III walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la II, na mwaka 2012 ilibainika kuwa maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia Kidato cha I hawakuweza kusoma wala kuandika ipasavyo. Serikali ilichukua hatua kwa kuleta mtaala wa KKK mwaka 2015, na hatua hiyo inastahili kusifiwa. Hata hivyo, juhudi hizo ziliishia pale ambapo mtoto anaweza kuandika sentensi, na haukufuata mkakati wenye uzito kama huo wa kumpeleka kutoka sentensi hadi aya, na kutoka aya hadi maelezo kamili.

Pengo la uandishi

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi una nguvu kubwa kuliko muhtasari wowote, kwa kuwa mwalimu, mzazi na halmashauri hutazama matokeo yake. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kutumia fomu maalumu za kujibia zinazosahihishwa kwa mashine, na hata Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi lilimtaka mtahiniwa aonyeshe njia, likaingizwa katika utaratibu wa kuchagua jibu. Baadaye maswali machache ya kuandika yalirejeshwa, na katika miaka ya karibuni karatasi ya somo imekuwa na maswali 45, ambapo 40 ni ya kuchagua na 5 ni ya majibu mafupi. Ni haki kukiri kwamba utaratibu huu ulikuwa na sababu za msingi. Watahiniwa walikuwa karibu 900,000 mwaka 2012 na walizidi 1,200,000 mwaka 2024, mashine haina upendeleo katika usahihishaji, na matokeo hutoka mapema. Mada hii hailaumu chombo chochote, bali inaeleza kile ambacho utaratibu huo umekizaa darasani.

Mfano ulio wazi zaidi uko katika karatasi ya Kiswahili, kwenye sehemu iitwayo Utungaji, ambapo mtahiniwa hupewa sentensi chache zilizovurugwa mpangilio na kutakiwa kuzipanga kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Zoezi hilo linapima utambuzi wa mtiririko wa mawazo, na utambuzi huo una thamani yake, lakini sentensi hizo zimekwisha kutungwa na mtu mwingine, na mtoto hakutafuta neno hata moja, hakuamua aanzie wapi wala hakuweka nukta. Mtoto anaweza kupata alama zote za Utungaji bila kuwahi kutunga. Vivyo hivyo katika barua rasmi, mwanafunzi anaweza kutambua kwamba anwani ya mwandikiwa imekosekana katika barua aliyowekewa mbele yake, huku mwenyewe akishindwa kuandika barua ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu.

Kinachofuata kinajulikana kwa kila mshiriki wa semina hii. Mitihani ya ujirani mwema, mitihani ya moko na majaribio ya kila wiki huigiza umbo la mtihani wa taifa, nayo huanza kuigizwa tangu Darasa la V. Muda wa kambi hutumika kupitia karatasi za miaka iliyopita. Daftari la insha, ambalo zamani lilikuwa daftari la pekee lenye alama na maoni ya mwalimu, limetoweka katika shule nyingi, na somo la utungaji hufundishwa kwa kukariri sehemu za insha, yaani kichwa, utangulizi, kiini na hitimisho, bila mwanafunzi kuandika insha yenyewe. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne bado humtaka mtoto aandike baadhi ya majibu kwa mkono wake, jambo linalomaanisha kwamba mtoto wa miaka 10 huombwa kuandika na kaka yake wa miaka 13 huombwa zaidi kutia kivuli. Hali hii inasikitisha, na imesemwa katika semina nyingi kabla ya hii.

Hasara haiishii katika Kiswahili. Katika Hisabati, mwanafunzi anaweza kuulizwa bei ya kilo 5 za mchele ikiwa kilo 3 zinauzwa kwa shilingi 8,400. Jibu ni shilingi 14,000, lakini mtoto aliyechagua shilingi 42,000 huonekana tu kuwa amekosa. Akiandika njia yake, mwalimu ataona kwamba amezidisha 8,400 kwa 5 bila kutafuta kwanza bei ya kilo moja, ambayo ni shilingi 2,800, na kosa hilo linatibika ndani ya kipindi kimoja kwa sababu mahali lilipo panaonekana. Katika Historia, swali la kuchagua huuliza Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani, na mtoto hukumbuka 1905, ilhali kiwango kinamtaka aeleze kwa nini watu wa kusini walisimama dhidi ya utawala wa Wajerumani, na maelezo hayo yanahitaji sentensi zinazounganisha kilimo cha pamba cha lazima, kodi na kazi za shuruti. Anayejua mwaka peke yake hajafikia kiwango. Katika Sayansi, jaribio la kuotesha maharage, mengine kwenye mwanga na mengine gizani, hufanyika vizuri katika shule nyingi kwa sababu halihitaji maabara, lakini huishia kwenye mchoro ulionakiliwa ubaoni, na mtoto hatakiwi kuandika alichokifanya, alichokiona na anachodhani ndicho chanzo.

Mwanafunzi huyo akiingia Kidato cha I hukutana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na maswali yanamtaka aeleze na ajadili. Mijadala mingi huitazama lugha peke yake, na ni kweli kwamba lugha ni kikwazo, lakini mtoto ambaye hajawahi kujenga aya ya hoja katika lugha anayoiota usiku hana cha kuhamishia katika lugha ya pili. Ugumu wake ulianza miaka 3 kabla.

Sababu ya uhaba wa mazoezi ya kuandika ambayo walimu huitaja kwanza ni wingi wa wanafunzi, nayo ni sababu ya kweli ambayo haipaswi kupuuzwa. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 yako madarasa yenye watoto 90 na zaidi. Insha 90, kila moja ikipewa dakika 5, ni dakika 450, yaani saa saba na nusu za kusahihisha zoezi moja la somo moja, na mwalimu huyohuyo anafundisha masomo mengine mawili au matatu. Kumwambia mwalimu huyo aongeze mazoezi ya kuandika bila kumwonyesha namna ya kuyasahihisha ni kumwonea. Hata hivyo, wingi hauwezi kuwa jibu la mwisho, kwa kuwa jirani wa kaskazini, Kenya, alikuwa na karatasi ya insha ya Kiswahili na ya Kiingereza katika mtihani wake wa kumaliza elimu ya msingi hadi mtihani huo ulipofikia tamati mwaka 2023, na watahiniwa wake nao walikwishavuka milioni moja. Jambo hilo lina gharama, na gharama hiyo inalipika.

Mapendekezo

Kwanza, daftari la uandishi lirejeshwe kwa kila mwanafunzi wa Darasa la IV na kuendelea, liwe la pekee, na lisitumike kwa kunakili ubao. Daftari hilo lisiwe la Kiswahili peke yake. Aya moja kwa wiki iandikwe katika somo lolote, na mwalimu wa taaluma apange ratiba ili wiki hii iwe zamu ya Sayansi, wiki ijayo Historia, na inayofuata Hisabati, kwa namna ambayo hakuna mwalimu anayebebeshwa mzigo wote.

Pili, walimu waache kusahihisha kila kosa katika kila daftari. Zoezi moja lipimwe kwa kigezo kimoja kilichotangazwa mapema, kwa mfano mpangilio wa sababu na matokeo, na makosa ya tahajia yasubiri zamu yake. Katika darasa la watoto 90, mwalimu akusanye madaftari 15 kwa wiki, na wengine wasomeane wawili wawili kwa kigezo hichohicho. Kwa hesabu ya dakika 5 kwa daftari, kazi hiyo inakuwa ya dakika 75, na ndani ya wiki 6 kila mtoto atakuwa amesomwa na mwalimu wake.

Tatu, vielelezo vya kazi za wanafunzi viandaliwe. Vigezo vya upimaji katika muhtasari hutaja kwamba mwanafunzi ameeleza kwa usahihi, lakini usahihi wa Darasa la IV na ule wa Darasa la VI hautofautishwi kwa maneno matupu. Kila kata ikusanye kazi halisi zilizofutwa majina, za chini, za kati na za juu, na walimu wakubaliane juu yake katika vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kiwango ambacho walimu wawili wa kata moja wanakisoma tofauti bado hakijawa kiwango.

Nne, kamati za mitihani ya ujirani mwema na ya moko, ambazo hazilazimiki kuigiza umbo la mtihani wa taifa, ziweke angalau swali moja la aya kamili katika kila somo. Jambo hili liko ndani ya uwezo wa washiriki waliomo katika ukumbi huu na halihitaji waraka kutoka juu.

Tano, Wathibiti Ubora wa Shule wanapotembelea shule waombe daftari la uandishi kabla ya kuomba andalio la somo, kwa sababu andalio huonyesha kilichokusudiwa, na daftari la mtoto huonyesha kilichotokea.

Sita, vyombo vinavyohusika vinaombwa kwa heshima kutumia nafasi ya mwaka 2027. Kwa utaratibu wa mtaala ulioboreshwa, elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6, na watoto walioanza nao wakiwa Darasa la III mwaka 2024 watamaliza Darasa la VI mwaka huohuo ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza Darasa la VII. Kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, upimaji wa mwisho wa Darasa la VI hauna tena sababu ya kuwa chujio la kuingia sekondari. Unaweza kubeba karatasi ya kuandika. Ikiwa haiwezekani kusahihisha karatasi hiyo kwa watoto wote, isahihishwe kwa sampuli ya shule katika kila mkoa, na matokeo yarudishwe kwa walimu yakiwa na maelezo ya makosa yaliyojitokeza.

Saba, daftari la uandishi, ambalo limependekezwa hapo juu na ambalo linarudiwa kwa makusudi, limfuate mwanafunzi hadi shule ya sekondari pamoja na taarifa zake nyingine, ili mwalimu wa Kidato cha I ajue anampokea mtoto anayeweza nini. Inapendekezwa kwamba kila shule iliyowakilishwa hapa ianze na darasa moja muhula ujao, na Maafisa Elimu Kata wakusanye madaftari 10 kutoka kila shule kabla ya likizo, mazuri na mabaya kwa pamoja, ili kikao kijacho kijadili maandishi ya watoto wenyewe yakiwa mezani.