Mlima Hautumi Barua

Maneno ya mwalimu mstaafu wa jiografia katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya umoja wetu, Rombo



Nimepewa dakika kumi. Wengi wenu mlinijua nikiwa na chaki mkononi, basi mvumilie kipindi kimoja kabla ya bahasha kupita.

Tuanze hapa hapa. Ziwa Chala, tunalogawana na ndugu zetu wa Kenya, limekaa ndani ya shimo la volkano. Maji yake hupita chini ya ardhi, na mengi hutokana na mvua ya mlima wetu. Utotoni tuliambiwa pale palizama kijiji, na usiku ng'ombe wake husikika wakilia. Mimi sijawasikia. Lakini aliyeanza kuisimulia hadithi ile alijua jambo moja: watu walipika, wakala, wakalala, na hakuna aliyewaamsha.

Kibo nayo, mita 5,895, ni volkano iliyolala. Gesi yenye harufu ya kiberiti bado hutoka kileleni. Hakuna dalili kwamba itaamka karibuni, kwa hiyo mtu asiuze kihamba chake kwa sababu yangu.

Sasa twendeni Goma, mashariki ya Kongo. Wanasema Kiswahili, wanalima udongo mweusi wenye rutuba, mlima Nyiragongo uko nyuma yao na Ziwa Kivu mbele. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Watu walikimbia, kisha wakarudi na kujenga juu ya mawe yale yale. Tusiwashangae. Mtu hurudi palipo na shamba lake na kaburi la baba yake. Nasi tungerudi.

Goma kuna kituo cha kuuangalia mlima huo. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia uliisha bila kuendelezwa, na kwa miezi kadhaa hata intaneti ya kupokea taarifa za vipimo ilikatika. Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, mlima ulipasuka. Watu zaidi ya 30 walifariki na maelfu walipoteza nyumba. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Mamia ya maelfu waliondoka, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda.

Nisiwadanganye. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema dalili zilianza muda usiofika saa moja kabla. Hata kama fedha zingekuwepo, onyo lingekuwa fupi. Lakini onyo likiwa fupi ndipo anapohitajika zaidi mtu aliye macho, na jirani anayejua njia ya kukimbilia.

Wala si lazima uwe moto. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, Mlima Hanang, volkano ya zamani, uliporomosha matope na mawe juu ya Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nasi tuna makorongo. Ni makavu sehemu kubwa ya mwaka, watoto huyapita kwenda shule, hadi siku mvua inaponyesha huko juu msituni.

Ndugu zangu, umoja huu uliwahi kununua kipima mvua. Tulipiga picha, ikatoka katika kijitabu kama hiki. Juma lililopita nilikwenda kukitazama. Kimejaa majani makavu na buibui. Hatukumlipa mtu wa kukisoma. Kosa ni letu, na mimi nilikuwa kwenye kamati.

Mwaka huu naomba tusinunue kitu kipya. Tuwalipe posho vijana wawili. Mmoja asome kipimo kila asubuhi, na mvua ikizidi awapigie simu mabalozi na walimu. Wa pili asimamie usafishaji wa makorongo na mifereji kabla ya masika. Kisha kila balozi apite nyumba kwa nyumba, hata mtoto ajue akimbilie upande gani na nani atambeba bibi.

Napendekeza shilingi elfu tano kwa mwezi kwa kila kaya iliyoko mjini. Msingoje mfadhili. Goma walikuwa naye, akaondoka, na mlima ukabaki pale pale.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlima hautumi barua. Wakati wa kujiandaa ni huu, ukiwa umenyamaza.

Mwenyekiti, bahasha zipite, na yangu iwe ya kwanza.